Ngoma ya Mitupo Miwili

Ngozi ya ngoma ikipashwa moto hutoa harufu yake ya pekee. Kuna moshi wa nyasi ndani yake, kuna mnuko kidogo wa mnyama, na kuna kitu kama maziwa yaliyoungulia chini ya sufuria. Juzi majirani zangu walikuwa wakimwoza binti yao. Akina mama waliokuja kupiga ngoma wakawasha nyasi kavu karibu na uzio wangu, wakazipasha ngozi ili zikaze. Mimi nilikuwa ndani nakunja nguo. Nikaziacha, nikakaa kitandani, na viganja vyangu vikaanza kuwasha. Wengine wakiisikia harufu hiyo hukumbuka harusi. Mimi hukumbuka mpira wa kikapu.

Najua unacheka. Vumilia kidogo nikueleze.

Nililelewa Nkuhungu, pale Dodoma, enzi zile za ruksa, maduka yalipoanza kujaa sabuni tena na mitumba ikatuvalisha wakubwa kwa wadogo. Baba yangu alikuwa mtunza ghala wa shirika moja la umma. Sina haja ya kulitaja jina. Sisi wenyewe tuliliita Shirika tu, kana kwamba duniani lilikuwa hilo peke yake. Shirika lilikuwa na zahanati, lilikuwa na lori la kutupeleka mazishini, na lilikuwa na klabu ya wafanyakazi yenye televisheni moja na mashine moja ya kuonyeshea kanda za video. Nyuma ya klabu palikuwa na uwanja wa saruji wa mpira wa kikapu, wenye ngazi za kukalia upande mmoja. Upepo wa Dodoma ulivuka uwanja ule ukiwa umebeba vumbi jekundu, kiasi kwamba mpira ukidunda uliacha alama, na ukiangalia sakafu baada ya mazoezi ungeweza kusoma mchezo mzima ulivyokwenda.

Timu ilikuwa ya wanawake wa Shirika: makarani, wahudumu, nesi wa zahanati, na nahodha wao dada Salome, mpiga chapa wa meneja. Dada Salome alikuwa mtu wa Musoma, mrefu, mwenye vidole visivyotulia. Hata akikaa kimya vilikuwa vikigonga kitu: meza, goti lake, kichwa changu. Alikuwa amepanga chumba nyumba ya tatu kutoka kwetu. Kila siku ya mazoezi, saa kumi kamili, mimi nilikuwa nimeshakaa ngazi ya nne, upande wa kulia, mahali pangu. Mtoto mwingine akikaa pale nilimwambia ahame, na kama hakuhama nilimkalia. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na sikuwahi kuucheza mpira ule hata siku moja. Sikutaka kucheza. Nilitaka kushangilia, na niliichukua kazi hiyo kwa uzito ambao watu wengine huuweka kwenye sala.

Elimu yangu ya ushangiliaji niliipata kwenye kanda moja ya video. Dereva wa Shirika aliyekwenda kozi nje ya nchi alirudi nayo. Ilikuwa mechi ya Wamarekani, wanaume warefu ajabu, imerekodiwa kwa mtindo wa kwao ambao mashine yetu haikuupenda, basi rangi zote zilipotea. Timu moja ilionekana nyeupe, nyingine nyeusi. Mtangazaji alisema Kiingereza kwa kasi ya mvua ya mawe na hakuna aliyemwelewa, hata wale waliotikisa vichwa kama wanamwelewa. Mbaya zaidi, mhasibu wa Shirika aliwahi kuiazima kanda ile akidhani ni tupu, akamwagiza mpiga picha arekodie humo kipaimara cha binti yake. Kilichobaki cha mechi ni dakika kumi na moja hivi. Baada ya hapo, bila taarifa, alitokea Askofu akamwekea mkono kichwani binti wa mhasibu, na kwaya ikaanza. Mpaka leo sijui ni timu gani iliyoshinda.

Dakika zile kumi na moja nilizitazama kila Jumamosi mchana kwa karibu mwaka mzima. Watu wazima walichoka, wakahamia kwenye karata. Mimi sikuchoka. Kulikuwa na mchezaji mmoja wa timu nyeusi, mrefu, asiyetabasamu, ambaye mara mbili alichezewa vibaya akapewa mitupo huru. Pengine hujui mitupo huru ni nini. Mchezaji husimama kwenye mstari mbele ya kikapu, peke yake, wenzake wote wakimtazama, akatupa mpira bila mtu kumzuia. Huyu bwana alipewa miwili, halafu tena miwili. Na kila alipousimamia mstari ule, watu waliokaa nyuma ya kikapu walisimama kwa maelfu, wakapunga vitambaa, wakapiga mabati, wakafumbua midomo, na spika ya televisheni yetu ikakoroma kama inataka kupasuka. Yeye akatupa. Mpira ukaingia. Mara nne alitupa, mara nne uliingia.

Nikaelewa. Kelele ndizo zilizokuwa zikiuingiza mpira.

Sasa jiweke mahali pangu. Nikitoka kwenye televisheni ile nilikwenda nyuma ya klabu, nikakuta mtu wetu amesimama kwenye mstari, na ngazi zote kimya kama msibani. Mzee mmoja anakohoa. Mama mmoja anatafuna zabibu anatema mbegu. Niliona aibu kwa niaba yetu sote. Tulikuwa tunawaacha wachezaji wetu watupe mpira kwa nguvu zao wenyewe, kama yatima.

Likizo ilipofika nilikwenda Zuzu kwa bibi yangu, mzaa mama, bibi Damari. Bibi alikuwa mpiga muheme, ile ngoma ya wanawake wa Kigogo inayobanwa mapajani mtu akiwa amesimama. Alikuwa akisifika mpaka vijiji vya mbali. Nilimweleza shida yangu tukiwa tunapukuchua mahindi.

"Huyo mtu anasimama peke yake?" aliuliza.

"Peke yake, bibi."

"Na ninyi mnamtazama tu?"

"Tunamtazama tu."

Bibi aliguna. "Sisi mtu akiingia katikati kucheza, tunampigia. Tukinyamaza, atajua tumemchoka. Watu wenu wa mjini wana roho gani, mke mwenzangu?"

Ndivyo alivyokuwa akiniita, kama mabibi wengi wanavyowatania wajukuu wao. Na kwa kuwa mke mwenza hakatai ombi la mke mwenza, siku ya mechi kubwa ilipotangazwa nilimpelekea ujumbe. Timu ya Morogoro ilikuwa inakuja Dodoma, na mshindi angekwenda Dar es Salaam kwenye mashindano ya taifa. Bibi akaja, yeye na wanawake wanne wa rika lake, juu ya lori la mchanga, kila mmoja ameibeba ngoma yake kama mama na mtoto. Mimi kwa siku nyingi nilikuwa nimekwisha kuwaandaa watoto wa mtaa wetu na nusu ya wake wa wafanyakazi. Sheria zangu zilikuwa mbili. Wetu akisimama kwenye mstari, kelele zote. Wa Morogoro akisimama, kimya kabisa, tumnyime. Dada Salome sikumwambia neno. Nilitaka limkute uwanjani kama zawadi.

Ijumaa, siku moja kabla, nilimpelekea baba chakula kazini na nikapitia dirishani kwa dada Salome kumsalimia. Taipureta ilikuwa inalia bila kupumzika. Nilipomwambia shikamoo alishtuka, akalaza kiganja juu ya karatasi iliyokuwa mbele yake, akaitikia bila kunitania. Nilidhani ana hofu ya mechi. Nikaenda zangu nikichekelea moyoni, nikijua nilichomwandalia.

Jumamosi saa tisa ngazi zilijaa. Bibi na wenzake waliwasha nyasi pembeni, wakazipasha ngozi, na hapo ndipo harufu ile iliponiingia puani isitoke tena. Mchezo ulikuwa mgumu. Wanawake wa Morogoro walikuwa wanene wa mabega na wepesi wa miguu, mchanganyiko mbaya. Kipindi cha kwanza dada Salome alipata mitupo miwili, na mara tu alipogusa mstari nilinyanyua mkono. Muheme ukalia. Watoto wakapiga masufuria. Alitugeukia kwa mshangao, akatikisa kichwa, akacheka, akatupa, akafunga yote. Niliona dunia nzima imethibitisha maneno yangu. Mitupo hiyo miwili, msomaji wangu, nilipaswa kuikumbuka baadaye kuliko kitu kingine chochote, na sikuikumbuka. Wa Morogoro waliposimama kwenye mstari tuliwapa kimya kizuri cha heshima, nao wakafunga kwa raha zao.

Mwishoni kabisa tulikuwa nyuma kwa pointi moja. Zikiwa zimebaki sekunde za kuhesabika vidoleni, dada Salome aliruka kuelekea kikapuni, akaangushwa, na refa akapuliza filimbi. Mitupo miwili. Mmoja tungekuwa sawa, miwili tungekwenda Dar.

Baba, ambaye siku zote alikuwa mtu mpole wa kukaa nyuma, alisimama kando yangu akapaza sauti: "Funga, Salome! Jumatatu chai yote ofisini ni juu yangu!" Watu wakacheka. Nikanyanyua mkono. Ngoma tano zikalia kwa pamoja, zikalia mpaka saruji ikatetemeka chini ya miguu yangu. Dada Salome aliinua macho akatutazama. Alimtazama baba, akanitazama mimi, akapitisha macho ngazi zote, mtu kwa mtu. Akatupa. Mpira ukagonga ringi ukatoka. Tukaongeza kelele. Akatupa wa pili, na ule haukugusa hata ringi.

Filimbi ya mwisho ilipolia nilikuwa bado nimenyanyua mkono.

Kijana mmoja wa chuo, aliyekaa safu ya juu na miwani yake, alishuka akiwa amekasirika kweli. "Nani kawafundisha hawa kumzomea mtu wao? Hii ni basic kabisa. Free throw ya kwenu mnakaa kimya, mnapiga kelele kwa mpinzani ili akose." Bibi Damari alimwambia kwanza asalimie, kwa sababu hakuwaamkia. Kijana akasema shikamooni, kisha akarudia maneno yaleyale polepole, na safari hii kila mtu aliyasikia. Watu waligeuka kunitazama. Si kwa ubaya. Walinitazama kama mtu anavyotazama jiko lililounguza chakula.

"Hatukumzomea," bibi alisema. "Tulimpigia." Lakini alikuwa ameanza kuzifunga ngoma kwenye kanga.

Nikazikumbuka zile dakika kumi na moja, na nikaona jinsi watu wale wa nyuma ya kikapu walivyokuwa wamekunja sura. Mwaka mzima nilikuwa nimewatazama watu wakimchukia mtu, nikadhani wanampenda. Ukitaka kujua aibu ni nini, usiniulize siku nyingine yoyote.

Jumatatu baba alirudi nyumbani saa nne asubuhi. Alikaa chini ya mizabibu uani, bahasha mkononi. Unga ulikuwa umemwagika. Si wake peke yake. Nusu ya mtaa walirudi na bahasha, na wiki zilizofuata tulisikia maneno ambayo hatukuwahi kuyahitaji: kupunguzwa, kubinafsishwa, mnunuzi. Klabu ilifungwa kufuli. Televisheni ilipelekwa kusikojulikana, na Askofu pamoja na Wamarekani wangu wakaenda nayo.

Wakubwa walijua mambo haya yalitoka mbali. Mimi nilikuwa na hesabu yangu. Wangewezaje kulivunja Shirika ambalo timu yake inakwenda Dar es Salaam kwenye mashindano ya taifa? Wasingethubutu. Timu ilishindwa Jumamosi, Shirika likafa Jumatatu. Aliyeifanya ishindwe namjua. Sikumwambia mtu yeyote hesabu hiyo. Nilikula mlenda wangu kimya, nikaenda shule kimya, watoto wakaniita Bi Kelele, na niliposikia mpira ukidunda mahali nilibadilisha njia.

Kama mwezi ulipita hivyo. Siku moja mchana dada Salome alisimama mlangoni kwetu. Yeye pia alikuwa amepata bahasha. Alikuwa amevaa raba zake za mitumba, za kiume, zilizojazwa vitambaa mbele.

"Yunisi, jiandae," alisema. "Saa kumi nakutaka uwanja wa shule. Njoo na ngoma."

Nilimwambia siendi. Nilimwambia mimi ndiye niliyemkosesha.

Vidole vyake viligonga kizingiti. "Basi kama ni wewe, njoo unirekebishe," akasema. "Sijazoea kutupa kwenye kelele, ndiyo sababu nilikosa. Utanizoesha."

Sijawahi kupewa kazi niliyoishika kama ile. Nilikwenda Zuzu kumwomba bibi ngoma, na bibi akanipa ile ndogo, ngoma aliyojifunzia mwenyewe, kwa sharti kwamba nisiilaze chini hata siku moja. Kila saa kumi nilikuwa nyuma ya kikapu cha shule, ngoma imebanwa mapajani, kwenye jua, kwenye upepo wa mwezi wa saba unaojaza mchanga mdomoni, hata kwenye yale manyunyu machache ambayo Dodoma huyaita mvua. Yeye alitupa, mimi nilipiga. Akikosa nilipiga kwa nguvu zaidi, maana nilifikiri ndivyo mtu anavyozoeshwa. Mwanzoni nilipiga ovyo. Kisha viganja vikapata malengelenge, malengelenge yakapasuka, ngozi ikawa ngumu, na mapigo yakaanza kuwa na mpangilio. Kuna siku homa ilinishika nikatoroka kitandani. Mama alinirudisha akinivuta sikio, na kesho yake nikaenda tena. Mama akasema mtoto huyu karogwa. Baba, aliyekuwa akijaribu kufungua genge la mkaa pale barabarani, akamwambia aniache. Nyumba nzima, alisema, angalau mtu mmoja ana mahali pa kwenda saa kumi.

Polepole wenzake wakarudi. Nesi alikuja wa kwanza, kisha karani mmoja, kisha wawili waliokuwa wakiuza mandazi stendi wakaja na harufu ya mafuta mikononi. Hawakuwa na Shirika la kuwanunulia jezi, basi walichagua fulana nyekundu kwenye mitumba, kila moja na wekundu wake, na namba wakaziandika kwa rangi ya mlango. Wakajiita jina la mtaa wetu. Na mwaka ulipozunguka wakajiandikisha tena kugombea nafasi ile ile, na Morogoro ikaja tena.

Mechi ilichezwa uwanja uleule, nyuma ya klabu iliyofungwa, na safari hii ngazi zilijaa kuliko mwanzo. Watu wasio na kazi huwa na nafasi ya kutazama michezo. Bibi Damari alikuja, lakini bila ngoma. Alisema ameshazomea mtu mara moja inamtosha. Ngoma ilikuwa moja tu, yangu, na nilikuwa nimeapa kutoipiga. Mazoezi ni mazoezi. Mechi ni mechi. Nilikuwa nimekwisha kujifunza ushangiliaji wa kweli: kimya kwa wetu, kelele kwa wao. Na watu wote walikuwa wamejifunza pamoja nami, kwa sababu yangu, wala hakuna aliyesahau.

Sitakuchosha na mchezo mzima. Ulifika mahali ambapo ni kama mtu alikuwa ameupanga kwa makusudi: dakika ya mwisho, tuko sawa, dada Salome ameangushwa, mitupo miwili. Yule kijana wa chuo alisimama safu ya juu, akanyoosha mikono kama msimamizi wa mtihani. "Silence, jamani. Silence." Na ngazi zote zikanyamaza. Kimya kile kilikuwa kikubwa kiasi kwamba nilisikia vumbi likipita kwenye saruji.

Dada Salome alisimama kwenye mstari. Refa alikuwa ameshika mpira, tayari kumpa. Hakunyoosha mikono kuupokea. Alitugeukia sisi, akanitafuta ngazi ya nne, upande wa kulia, akanikuta. Kisha akapiga paja lake kwa kiganja, mara tatu.

Nilitikisa kichwa, kukataa. Akapiga tena, mara tatu.

Bibi alinisukuma mgongoni. "Mwenzio anakuita."

Nikapiga. Mwanzoni ngoma yangu ilikuwa peke yake ndani ya kimya kile, na nilisikia watu wakisonya, na kijana wa chuo akisema jambo. Sikumsikiliza. Nilipiga yale mapigo ya saa kumi, mapigo yetu, jinsi nilivyoyapiga mwaka mzima nyuma ya kikapu cha shule. Akaupokea mpira. Akaudundisha mara mbili, sawasawa na ngoma. Akatupa, ukaingia. Kisha bibi akaanza kupiga makofi, na nesi benchini, na baba, na wa pili nao ukaingia bila kugusa ringi. Morogoro walirudisha mmoja tu. Tukashinda kwa pointi moja, na timu ya fulana nyekundu za mitumba ikaenda Dar es Salaam, ikafungwa mechi zote, ikarudi na furaha tele.

Mimi nilijua nimelipa deni langu. Nilikua hivyo, nikijua: niliharibu, nikatengeneza. Sitakuficha, nilijivuna kwa jambo hilo kuliko vyeti vyangu vyote. Kila palipokuwa na jambo gumu maishani nilijiambia, wewe ulipiga ngoma mwaka mzima, hili litakushinda nini.

Miaka mingi baadaye nilikwenda Kongwa kumtembelea dada Salome. Alikuwa ameolewa huko, akawa mwalimu, na shule yake ilikuwa na kikapu kilichochomewa kwa vyuma vya trekta bovu. Tulikunywa chai kwenye kibaraza chake tukitazama wasichana wakifanya mazoezi. Vidole vyake vilikuwa vimeanza kupinda kwa uzee, lakini bado vilikuwa vikigonga kikombe. Nikamwambia, kwa kutania, kwamba ni vizuri kelele zangu za mwaka wa kwanza hazikumuua kwa aibu.

"Kelele gani?" akaniuliza.

"Zile zilizokukosesha mitupo miwili."

Akaweka kikombe chini.

"Yunisi, barua za Jumatatu nani alizipiga chapa?"

Niliiona ile taipureta, nikaona kiganja kimelala juu ya karatasi.

Alizipiga yeye, Ijumaa nzima, barua moja baada ya nyingine, na meneja alimwapisha asitamke neno kabla ya Jumatatu. Yake mwenyewe aliipiga ya mwisho. Ya baba aliipiga asubuhi, kabla sijafika dirishani na shikamoo yangu. "Nilipousimamia ule mstari," alisema, "nikawatazama. Kila uso niliouona nilikuwa nimeuandikia barua. Na ninyi mnanipigia ngoma. Baba yako ananiahidi chai ya Jumatatu. Mikono ilikufa, mdogo wangu. Hata mngenyamaza kama kanisani, nisingefunga."

Ndipo nikaikumbuka ile mitupo ya kipindi cha kwanza, aliyoifunga yote huku ngoma ikilia, akicheka. Ilikuwa mbele ya macho yangu siku zote.

Nitasema ukweli: nilikasirika. Nilimweleza ile hesabu yangu ya utotoni ambayo sikuwahi kumweleza mtu, kwamba mimi ndiye niliyeliua Shirika, mimi ndiye niliyempotezea baba kazi. Hilo hakulijua. Alifunika mdomo kwa mkono, na kwa mara ya kwanza nikaviona vidole vyake vimetulia.

"Mwaka mzima, dada," nilimwambia. "Barua zilikwisha kutoka, siri haikuwepo tena. Kwa nini hukuniambia kwamba kosa halikuwa langu?"

Alijibu bila kunitazama, macho yake yakiwa kwa wasichana uwanjani. "Sikuwa na kazi, sikuwa na timu, kwetu ni Musoma. Ningekuambia, ungeacha kuja."

Mwaka mzima nilidhani ninamzoesha mtu kelele, kumbe nilikuwa nikifanya kile ambacho bibi Damari alikijua tangu tulipokuwa tunapukuchua mahindi. Mtu alikuwa amesimama katikati, peke yake, nami nikampigia.

Uwanjani msichana mmoja alikuwa amefika kwenye mstari na mpira wake, na wenzake wamenyamaza. Dada Salome akanigusa goti. Nikasogeza vikombe pembeni, nikaigeuza sinia ya chai juu chini mapajani mwangu, nikaanza.